Vipimo vya Koti la Mvua

3 Machi

Fundi wangu,

Kabla hujaniuliza kama nimekula: nimekula. Kabla hujaniuliza kama nimelala: nimelala, ila nguo zangu hazijalala. Zimening'inia kwenye kamba humu chumbani zikinidondoshea maji kichwani kana kwamba zinanisuta.

Huku mvua haiulizi saa. Nilipohamishiwa hapa Februari, wakaniambia nesi wa majumbani hupewa baiskeli, nilifurahi. Nikasema afadhali kuliko kutembea. Kumbe anayetembea mvuani hulowa mabega tu, aliye juu ya baiskeli hulowa mpaka mawazo. Ya juu yanashuka, ya chini yanarushwa na gurudumu, na mimi niko katikati. Wagonjwa kumi na mmoja kwa siku, na kila mlango nabisha nikiwa nimelowa chapachapa.

Ya jana ndiyo iliyoniuma. Nilifika kwa mwalimu mmoja mstaafu, ana kidonda cha mguu kisichotaka kupona. Kufungua begi, bandeji zote maji, pamba imekuwa uji. Akanitazama juu ya miwani.

"Nesi," akasema, "leo nani anamhudumia nani?"

Akaniletea taulo lake. Ikabidi nirudi zahanati kuchukua nyingine, kilomita tano kwenda, tano kurudi, na mvua ileile.

Dukani kuna makoti ya waendesha baiskeli. Nikikutajia bei utadhani nimekosea sifuri. Wenzangu wanatoboa gunia la plastiki wanapitisha kichwa, lakini Matroni, mkuu wetu hapa zahanati, hataki, anasema tunawatisha wagonjwa. Wewe unashona mahema na mikoba kila siku. Niambie ninunue nini kwa mfuko kama wangu, na nini nisiguse. Begi pia. Andika haraka, maana simu ya zahanati Matroni ameitia kufuli kama sukari.

Mkeo, nisiyekauka

---

11 Machi

Mke wangu,

Kinyozi wa mlango wa pili ameniona nacheka na karatasi. Nikamwambia mke wangu analowa huko aliko. Akasema, "Sasa wewe ni fundi mahema wa kazi gani?" Ndiyo maana nakuandikia leo leo, turubai la watu likingoja.

La dukani achana nalo, unalipia ile nembo ya kifuani. Nenda kwenye mitumba asubuhi, wakati wanafungua marobota. Usianze na rangi. Geuza koti ndani nje, bandika kitambaa mdomoni, upulize. Pumzi ikipita, maji yatapita. Halafu tazama mishono, maana koti zuri halivuji kwenye kitambaa, linavuja kwenye mshono, begani na kwapani. Ukiona mshono umebandikwa utepe wa plastiki kwa ndani, ling'ang'anie hilo hata kama kola yake ni ya kichekesho. Usio na utepe usugue nta ya mshumaa, weka karatasi juu, pitisha pasi ya uvuguvugu. Uvuguvugu, nimesema. Nakujua na pasi.

Nyuma liwe refu, kwa sababu ukiinama mgongo unabaki nje. Mikono izidi kidogo, maana ukishika usukani mkono unarefuka. Njano au rangi ya chungwa, madereva wakuone kutoka mbali. Na lisiwe pana. Nguo pana na gurudumu ni maadui, pindo linaingia kwenye mnyororo kabla hujasema "ah". Viatu usihangaike navyo: vaa mfuko wa mkate juu ya soksi, ndipo uvae kiatu. Cheka, lakini vidole vitakauka.

Begi usinunue. Na la mgongoni usibebe, utalowa kwa jasho hata siku ya jua. Nitakushonea mawili ya turubai la lori, yakae pembeni mwa keria, moja huku moja huku, uzito ulingane. Hayatakuwa na zipu, zipu inavuja. Mdomo utauviringisha mara tatu kama unavyokunja mkeka, kisha unafunga mkanda. Mwalimu wako atapata bandeji kavu.

Ukikosa koti linalokufaa, nitumie vipimo: kifua, kiuno, nyonga, mkono. Nitalishona mwenyewe.

Nyumba ni kubwa siku hizi. Chumba kilekile kimoja, lakini ni kikubwa.

Fundi

---

24 Machi

Fundi wangu,

Nimepuliza makoti ya watu mpaka muuza mitumba akaniuliza kama ni tarumbeta. Nimepata suruali ya mvua, nzuri, utepe kila mshono, bei ya kutupa. Koti sikupata. Yaliyopo yananibana au yanavuja.

Basi shona. Kifua thelathini na nane, nyonga arobaini na mbili, mkono ishirini na tano. Kiuno usikifuate sana. Lifanye pana, Fundi. Pana kabisa, waingie watu wawili. Najua ulichosema kuhusu gurudumu, usikirudie. Nataka hewa, nataka kuvaa masweta ndani, na nina sababu zangu. Mara hii moja usibishane nami.

Wiki hii tumbo halikai vizuri, hata harufu ya chai asubuhi inanikera. Ni maji ya huku tu. Usianze kutuma dawa.

Mkeo

---

8 Aprili

Mke wangu,

Kifurushi kinakuja na barua hii. Nimekata makoti mawili. La kwanza nilikata kwa akili yangu, la pili kwa amri yako. Nililokutumia ni la pili. Kinyozi amelivaa akazunguka nalo barabarani, akasema sasa familia yake imepata nyumba.

Sikulipenda, nakwambia ukweli. Nimegeuza kitambaa kile siku tatu mezani nikitafuta namna. Mwisho nikasema, aliyesema ndiye atakayevaa. Lakini tazama ndani ya pindo, nimeweka mikanda miwili. Kila unapopanda baiskeli, funga moja paja la kulia, moja la kushoto, lisipepee. Kila unapopanda, hata kama unakwenda mlango wa tatu tu. Niahidi.

Na mikoba yako imo. Nimeijaribu kwa kuizamisha kwenye pipa na gazeti ndani. Gazeti nimelisoma baadaye mpaka ukurasa wa michezo.

Fundi

---

27 Mei

Fundi wangu,

Mvua imenyesha siku kumi na mbili na sijalowa! Matroni amelishika koti, akaligeuza, akauliza, "Nani kakushonea?" Nikasema mume wangu. Akasema, "Mtunze." Sasa wenzangu wote wanataka mikoba, hata mhasibu asiye na baiskeli. Mwalimu mstaafu amefunguliwa bandeji kavu, akasema, "Ah, nesi amerudi na serikali mpya." Kidonda kimeanza kufunga pembeni.

Nina ombi. Nimeituma ile suruali ya mvua, iongeze inchi nne kiunoni. Nimeweka alama ya chaki mahali pa kuongeza. Mama mwenye nyumba ananilisha kama ng'ombe wa maonyesho.

Mikanda ya mapajani nilikuwa naifunga, naapa. Wiki hizi mbili siwezi, kuinama kunanibana. Napindua pindo na kulikalia, inatosha.

Nina neno kubwa la kukwambia, lakini litangoja kidogo. Ni zuri, usianze kuhesabu mabaya.

Mkeo

---

9 Juni

Mama watoto,

Sijakosea. Nimeliandika hilo jina, nimelitazama, nimeliacha.

Nimepima miili ya watu miaka kumi na tisa. Mtu akinenepa, hunenepa kote, paja, nyonga, hata shingo. Wewe umetaka inchi nne, na alama zako za chaki zote ziko mbele. Nyuma hujagusa. Nilikaa kitini na suruali yako mapajani, nikahesabu miezi kwa vidole, nikafika wa tano. Wa tano! Zile mimba mbili za kwanza hazikuvuka wa tatu.

Kinyozi akachungulia. "Fundi, unalia?"

"Vumbi la turubai," nikamwambia.

Nimemdanganya, na nitaendelea. Safari hii sijamwambia mtu. Najua kwa nini ulinyamaza. Mara ya pili nilifunga duka nikanunulia mtaa mzima soda, halafu tukakaa ndani wiki mbili tukikwepa pole za watu. Sitafanya hivyo tena. Nitafurahi kimya kimya hapa na cherehani.

Lakini lile koti, mpenzi wangu! Ungeninong'oneza tu. Tumbo haliombi upana pande zote, linaomba kipande kimoja mbele, kama mwezi mchanga, na pindo linabaki pale pale. Ni kazi ya saa mbili. Usilivae tena. Nimeshaanza jingine, na litafika wiki ijayo. Mpaka lifike nenda kwa miguu. Lowa, nitakukausha mimi, lakini usipande baiskeli.

Baba mtu

---

10 Juni

Fundi wangu,

Suruali usihangaike nayo tena. Iache ilivyokuwa, kiuno kilekile cha zamani. Nirudishie tu ukipata nafasi, hakuna haraka.

Nilianguka kidogo na baiskeli. Magoti yamechubuka na mkono una mchubuko, ndiyo maana mwandiko unayumba. Matroni amenipa mapumziko. Niko salama.

Lile neno nililosema litangoja, lisahau. Lilikuwa jambo la kazi, halikutimia.

Usije. Nauli ni kubwa na hapa hakuna cha kuona.

Mkeo

---

17 Juni

Fundi wangu,

Barua yako ya tarehe tisa imefika leo. Zetu zimepishana njiani. Wakati unahesabu kwa vidole, mimi nilikuwa nimeshalala hospitali siku tatu.

Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni pa mama mwenye nyumba. Nilipofika pale uliposema "lowa, nitakukausha mimi", nikakaa chini pale pale kwenye ngazi. Akadhani nimefiwa na mzazi.

Nilikudanganya tarehe kumi. Nilidhani hujui. Nikasema, kama hajui alichokuwa nacho, hatajua alichopoteza, nitalibeba peke yangu. Sasa huna pa kujificha wala mimi sina, basi nakwambia lilivyokuwa.

Ilikuwa tarehe sita, Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilikuwa natoka kwa mwalimu. Kuna mteremko baada ya nyumba yake. Mvua ilikuwa ya kawaida, wala si kubwa. Nilipindua pindo nikalikalia, kama nilivyokwambia. Upepo ukalichomoa. Nililiona likipepea upande wa kulia, nikapeleka mkono kulivuta, na mnyororo ukalishika kabla yangu. Baiskeli ilisimama, mimi sikusimama. Niliangukia mbele.

Mama anayeuza mboga kando ya barabara alikuja na kisu chake akakata pindo kunitoa. Alikuwa anasema, "Pole mwanangu, pole mwanangu," na mimi nilikuwa nasema nina mimba, nina mimba. Mtu wa kwanza niliyemwambia kwa mdomo wangu alikuwa yeye.

Hospitali walijaribu mpaka Jumapili jioni. Daktari anasema huenda ni kuanguka, huenda ingetokea tu kama zile nyingine. Nimemuuliza mara tatu. Anasema hawezi kujua.

Koti jipya likifika nitalipokea.

Mkeo

---

25 Juni

Mke wangu,

Barua nne nimeandika nikazichana. Hii naituma kabla sijaichana.

Kwa nini hukuniambia? Nilikuandikia wazi, nguo pana na gurudumu ni maadui. Ulikuwa na ulimi, ulikuwa na kalamu, ulikuwa na stempu. Ulinitumia barua za mwalimu na Matroni na ng'ombe wa maonyesho, nikacheka kama mjinga, na wakati wote huo ulijua. Neno moja tu. Ningeshona kitu kingine kabisa. Mama wa mboga kaambiwa, mimi nikaambiwa inchi nne.

Mimi si mtu wa mtaani. Nilikuwa baba yake.

Mumeo

---

26 Juni

Mke wangu mpenzi,

Asubuhi hii nimekimbia posta kabla hawajafungua. Nimemwomba karani anirudishie barua ya jana. Akasema, "Ikishapigwa muhuri, mzee, si yako tena." Nimembembeleza mpaka watu wa foleni wakaanza kunionea huruma. Haikusaidia. Hii naituma iikimbize. Kama zimefika pamoja, nakuomba uanze na hii. Ile ichome.

Ukweli ni huu. Nilijua. Nililigeuza koti lile siku tatu mezani na nilijua ni koti baya. Mteja angeniletea vipimo vile ningemrudisha. Kwako nilinyamaza kwa sababu tulikuwa mbali na sikutaka tununiane kwa barua. Nikaweka mikanda miwili nikajiona nimemaliza kazi. Halafu ukaniandikia kwamba huifungi tena, na hilo nalo nilisoma. Lilikuwa pale pale, mstari mmoja chini ya zile inchi nne. Nililipita kwa furaha.

Duka limefungwa tangu Jumanne iliyopita. Lile koti jipya liko mezani, sikulimaliza. Kinyozi analeta chai, anaiweka mezani, anakaa nami mpaka ipoe.

Niambie nije. Au niambie nisije. Lakini andika.

Fundi

---

15 Julai

Mke wangu,

Labda barua zinapotea. Naandika tena. Nimempigia Matroni kutoka posta, akasema uko hai, unafanya kazi, na kwamba akuulize kwanza kabla ya kunipa maneno mengine. Nimemshukuru. Sijaomba zaidi.

Sitakuja bila ruhusa yako. Niko hapa.

Fundi

---

19 Agosti

Fundi wangu,

Hazikupotea. Zilifika pamoja, siku moja, na mimi nikafungua ya kwanza kwanza, kama ulivyoogopa. Ya pili niliiweka chini ya godoro. Nimeisoma Jumapili iliyopita. Ndiyo maana umengoja. Sikukusudia kukutesa, au labda nilikusudia kidogo, sijui.

Umeuliza kwa nini. Nitakujibu mara moja halafu tusiulizane tena.

Ulivyokisia tarehe tisa, hukupatia. Sikuogopa mtaa wala soda zako. Mara ile ya pili ulikuwa umeshashona viguo vitatu, unavikumbuka. Niliporudi kutoka hospitali ulidhani nimelala. Nilikuwa nakutazama kwenye upenyo wa pazia. Ulikaa karibu na dirisha ukafumua vile viguo uzi mmoja mmoja, polepole, ukakunja vitambaa, ukavirudisha kabatini. Hukulia. Uso wako ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali sana. Nikaapa sitauona uso ule tena. Nikasema safari hii nitakuja nyumbani na tumbo linaloonekana, ulishike kwanza kwa mkono, ndipo nikwambie. Nilikuwa nimeomba likizo ya Julai. Zilibaki wiki tatu.

Basi mimi nilitaka kukulinda, na wewe hukutaka kuninunisha. Tulikuwa wapole mno, Fundi. Tungegombana vizuri Machi ile, kwa barua za matusi, leo ningekuwa mzito siwezi kufunga viatu.

Sikulaumu kwa koti. Nilikulaumu Juni yote na Julai yote, nikakulaumu barabarani na kwenye milango ya wagonjwa. Nimechoka. Siku zingine ile barua yako ya tarehe ishirini na tano bado inanichoma, na siku zingine naona ulikuwa na haki ya kuiandika. Sijui kama tutakuwa kama tulivyokuwa. Sitaki kukuahidi.

Nimerudi kazini. Natembea. Matroni amenipa wagonjwa wa karibu tu. Mwalimu kidonda chake kimefunga, sasa anahudumiwa na mwenzangu, lakini alikuja mwenyewe zahanati kwa mkongojo kunisalimu. Alikaa kwenye benchi karibu saa nzima, tukatazama mvua, akaondoka.

Sasa njoo. Jumamosi ya kwanza ya Septemba niko huru. Usilete kitu chochote ulichoshona.

Kuna mahali nataka kukupeleka. Hospitali waliniuliza kama nataka kumwona mtoto, nikasema ndiyo. Walinipa dakika chache, wamemfunga kwenye taulo ndogo nyeupe. Wenye hospitali wana kipande chao cha ardhi nyuma ya jengo la kufulia nguo, na Matroni alisimama badala yako wakati wanafukia. Sijarudi hapo tangu siku ile. Peke yangu siwezi, na mtu mwingine simtaki.

Alikuwa wa kike, Fundi. Hilo sijamwandikia mtu yeyote. Nilimshika mkononi, na kabla hawajamchukua nilimwambia jina lako.

Mkeo